Tausi na Kelele za Wadenmark

Tausi alikuwa amejiapiza jambo moja tu: mtaa wake wa Makorora usimwone akilia. Miezi saba ilikuwa imepita tangu mumewe Ayubu amwache akamwoe Hasina, shoga yake Tausi wa kula sahani moja. Miezi yote hiyo Tausi alitoka amependeza, akasalimia kila mtu kwa bashasha. Wambea walimchungulia usoni wakatoka kapa.

Jioni ile alikwenda ukumbini kwa sababu alisikia Hasina naye anakwenda. Angebaki nyumbani, wangesema kakimbia.

Jukwaani walikuwa Wadenmark watatu, waliokuja kupiga roki ambayo, kwa maelezo ya Saleh aliyewaalika, hata kwao haipigwi redioni.

"Huu ni muziki wa majaribio," Saleh akatangaza.

"Basi wakishafaulu ndo waje!" mama mmoja akadakia, ukumbi ukaangua kicheko.

Kicheko hakikudumu. Gitaa lililia kama bati linaloburutwa kwenye saruji, mpiga ngoma akapiga alipojisikia, na mwimbaji, dada mwembamba aliyenyoa kipara, akapiga ukelele usio na neno hata moja. Watu walisonya, wakaziba masikio, wengine wakaelekea mlangoni.

Hapo Hasina akainuka. Alitoa noti, akaishika juu ya kichwa, akaenda mbele taratibu akinyonga kiuno, macho kamkazia Tausi. Hakuna mwanamke mle ndani asiyejua maana yake. Kwenye taarabu, mtu hutunza pale wimbo unapomsema mbaya wake. Wimbo huu haukuwa na maneno, basi kila mmoja akautilia anayoyajua yeye. Vigelegele vikapasuka, na waliokwishafika mlangoni wakarudi. Yule dada aliipokea noti, akaigeuzageuza, kisha akazidisha ukelele akidhani ndicho alichoombwa.

"Umesikia unavyosemwa, mwenzangu?" Hasina akauliza akirudi, kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Tena kwa Kizungu!"

Tausi angenyamaza, ingekuwa kakubali. Naye akainuka na noti yake, akajongea kwa madaha, shingo juu. Lakini mwimbaji hakuipokea. Alidhani huyu naye anataka kuimba. Akampa maiki.

Gitaa likashuka, likimngoja. Maneno ya kumvua Hasina nguo Tausi alikuwa nayo, Mungu shahidi. Alikuwa ameyatunga miezi saba akiwa peke yake kitandani. Akafumbua mdomo. Kilichotoka kilikuwa kilio, kirefu, kibaya, kilio cha msibani. Wadenmark walifurahi kupita kiasi, wakamfuata kwa gitaa na ngoma, wakampandisha sauti, hata akaishiwa pumzi na machozi yakamfika kidevuni.

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Wanawake waliinamisha macho kwa huruma, na huruma ya Makorora ndiyo aliyokuwa ameikimbia siku zote hizo.

Hasina akaja mbele tena, safari hii bila kucheza. Alichomoa noti ya elfu kumi, akaibandika kwenye paji la uso la Tausi lililolowa jasho, akaikandamiza kwa dole gumba mpaka ikashika. Kisha akausogeza mdomo kwenye maiki ambayo Tausi alikuwa bado ameishika.

"Umeimba vizuri, shoga," akasema. "Nitamwambia Ayubu."