Tunda Linaloliwa Chini ya Mti

Honi ililia getini asubuhi, na Chiriku akajua ameula wa chuya. Hakuwa na haja ya kwenda kuchungulia. Honi ile ilikuwa ya Mpishi, yule mama wa hoteli kubwa anayenunua karibu kila kinachoota shambani kwao, na Mpishi alikuwa amesema atakuja wiki ijayo. Wiki ijayo, jamani, si leo!

Chiriku si jina alilopewa alipozaliwa. Baba yake ndiye aliyemwita hivyo, kwa sababu tangu alipojifunza kusema hajawahi kunyamaza. Hata akipalilia mnanaa, huongea na magugu. Sasa ni mtu mzima, na tangu mama yake afariki wamebaki wawili tu, yeye na mzee. Wanalima vitalu vya mrehani, zaatari na mchaichai, na miti ya matunda ambayo watu wengi huiona kwa mara ya kwanza hapo kwao: matunda ya joka yenye magamba mekundu, matopetope, na matunda ya nyota, yale ya manjano ambayo ukiyakata kwa kisu kila kipande kinatoka na ncha tano.

Na jana jioni, mzee akiwa ndani ananyoosha mgongo, Chiriku alipulizia sumu mti mmoja.

Tuseme ukweli, hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na uvivu, kisha akawa na woga, na hivyo viwili vikioana mtoto wao huwa mkorofi. Pale shambani dawa ya duka ilikuwa haijawahi kuvuka geti. Inzi wa matunda wanazuiwa kwa mkono: tunda likiwa dogo bado, unalivika mfuko wa karatasi na kuufunga, moja moja, mti mzima, mpaka shingo inakakamaa. Mzee aliifunga miti ya mbele yote. Mti wa nyuma kabisa, ule wa matunda ya nyota karibu na ua, alimwachia binti yake. "Kesho, baba," akasema Chiriku. Kesho ikazaa kesho nyingine. Mara harusi ya rafiki, mara mvua, mara tu mwili hautaki. Alipokwenda kutazama, inzi walikuwa wanacheza ngoma juu ya matunda.

Na hapo ndipo woga ulipomshika, maana msimu uliopita mgeni wa hoteli alikuta funza ndani ya tunda la nyota, mezani, mbele za watu. Mpishi alikuja mwenyewe kumwambia mzee bila kuzungusha: akionekana funza mwingine, natafuta shamba jingine. Bila Mpishi hakuna shamba. Sokoni nani atanunua tunda asilolijua hata jina?

Basi Chiriku akanunua kichupa. Maandishi yalisema tunda lisiliwe mpaka wiki ipite. Akapiga hesabu zake: wiki itapita, mvua itanyesha, nani atajua? Mficha uchi hazai, walisema wahenga, lakini nani anawakumbuka wahenga akiwa na bomba la kupulizia mgongoni?

"Chiriku! Mgeni!" mzee aliita. Alishafika getini, pamoja na ule mgongo wake unaomuuma.

Mpishi aliingia na buti za mpira na sauti ya kujaza uwanja. "Nimepata safari, mzee. Nikasema nipite leo nichague, gari lije kubeba kesho."

"Karibu sana, mama. Shamba ni lako."

"Shikamoo, mama," alisema Chiriku.

"Marahaba. Mbona umepauka hivyo? Unaumwa?"

"Hapana, mama. Jua tu."

Jua lenyewe lilikuwa halijapanda hata juu ya ua.

Sasa sikiliza kilichomkausha mate. Mzee ana desturi moja anayojivunia kuliko miti yake. Mteja hachaguliwi tunda. Anatembea mwenyewe, anachuma tunda lolote alilolipenda, anampa mzee, na mzee analiuma kwanza palepale chini ya mti, bila maji, bila kitambaa. Kisha anampa mteja naye aume. "Nikikuchagulia mimi, utasema nimeficha mabaya," husema mzee. "Na nikiliosha, utauliza ninaosha nini."

Kwa hiyo yote yalikuwa mikononi mwa Mpishi. Akichagua mti wa mbele, salama. Akichagua ule wa nyuma, sumu ya jana inaingia kinywani mwa mzee, halafu kinywani mwa mgeni.

Chiriku alijitahidi kumchelewesha. Akamvuta kwenye mrehani. Akamchumia mnanaa, akamfikichia zaatari kiganjani anuse. Mpishi alinusa, akafumba macho, akasema hii ndiyo inayonileta huku. Lakini mtu hawezi kunusa majani mpaka jioni. Wakaingia kwenye miti. Walipofika kwenye matunda ya joka, Mpishi alisimama, akalishika moja, na Chiriku akaomba kimoyomoyo: chuma hilo, mama, chuma tu. Mpishi akaliachia.

"Leo Chiriku wangu kameza nini?" mzee aliuliza. "Tangu tuanze hajasema maneno kumi."

"Amepata mchumba huyo," alisema Mpishi. "Mapenzi yakianza mdomo unafungwa. Ukifunguka tena, ni ugomvi."

Wakacheka. Chiriku naye akacheka, meno nje.

"Na ule?" Mpishi alinyoosha kidole. "Ule wa nyuma. Mbona hauna mifuko?"

"Kule kuna siafu," Chiriku akawahi.

"Nina buti."

"Yale bado machachu sana, mama. Yatakutia ganzi meno."

"Mimi natafuta uchachu. Nawekea samaki." Na akashika njia, buti zikikanyaga majani makavu, mzee nyuma yake, Chiriku nyuma ya mzee.

Mzee alikuwa hajafika kule kwa muda mrefu kwa sababu ya mgongo. Alipoufikia mti alisimama akautazama kuanzia chini hadi juu. Matunda yalining'inia wazi, manjano safi, na hapakuwa na hata inzi mmoja wa kusingiziwa.

"Hee!" alisema. "Bila mfuko, na hayana hata tundu la sindano! Mwanangu, umeyafanyaje haya?"

Mlango huo, Chiriku! Umefunguliwa na baba yako mwenyewe, pita! Hakupita.

"Niliangua yaliyoharibika mapema, baba. Nikayafukia. Yaliyobaki yakapona."

Mzee alimwekea mkono begani, mkono mgumu wa jembe, akamgeukia mgeni. "Unamwona, mama? Nilikuwa nalala nikiwaza nikifumba macho shamba hili litakuwa la nani. Sasa nalala."

Aibu ilimchoma Chiriku kuanzia masikioni mpaka kwenye nyayo. Alitamani ardhi ipasuke. Ardhi, kama kawaida yake, haikupasuka.

Mpishi alichuma tunda moja kubwa, akaligeuzageuza, akampa mzee. Mzee akalipokea kwa mikono miwili. Na kichwani mwa Chiriku yakaanza maneno ya haraka haraka: tunda moja haliui mtu. Muuza dawa mwenyewe alisema wengine wanachuma kesho yake na hawajafa. Ataumwa tumbo, nitamchemshia mchaichai, yataisha. Nikisema sasa, mgeni anaondoka na hatarudi, na mzee atakufa kwa aibu kabla ya sumu. Nyamaza, Chiriku. Ulishindwa kunyamaza maisha yako yote, nyamaza leo tu.

Mzee alifungua kinywa. Meno yake yalikuwa yamebaki machache, kwa hiyo alilielekeza tunda pembeni, upande wa meno mazima, kama alivyofanya siku zote. Chiriku aliona ncha ya tunda ikigusa mdomo.

Akampiga kofi mkononi.

Lilisikika. Tunda likaruka, likaanguka kwenye majani. Mtoto kumpiga mzazi wake, mbele ya mgeni! Mpishi alishika kifua. Mzee aliutazama mkono wake, kisha akamtazama binti yake.

"Una wazimu?"

"Usile, baba. Futa mdomo. Futa!" Alikuwa ameshavua kitambaa kichwani, anamfuta mwenyewe kwa nguvu. "Nimeupulizia dawa. Jana jioni."

Mzee alikisogeza kitambaa pembeni. "Dawa ya mwarobaini," alisema, na sauti yake ilikuwa inamwomba akubali.

"Ya duka, baba."

Mzee alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa shina la mtopetope, akaegemea hapo. Chiriku sasa maneno yalimtoka yote, mifuko, harusi, uvivu, inzi, kichupa, huku analia bila kujificha. Mpishi alimwacha amalize, kisha akapangusa mikono yake kwenye sketi, akarudia tena na tena.

"Mzee," alisema mwishowe, na ile sauti ya uwanja alikuwa ameishusha. "Nimekasirika, sikudanganyi. Lakini ni mti mmoja, na binti amesema kabla halijaingia tumboni. Wangapi wangesema? Matunda ya nyota tuyaache mwaka huu. Majani nachukua, na matunda ya joka pia. Kama kawaida."

Moyo wa Chiriku ulinyanyuka. Alimtazama baba yake.

Mzee akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Usichukue chochote."

"Baba!"

"Huyu mama akifika hotelini anawaambia watu, kuleni, ni safi. Anasema hivyo kwa sababu mimi nimemwambia. Leo mimi nimwambie nini?"

"Mwambie mengine sijagusa! Naapa, baba. Naapa kwa kaburi la mama. Ni huu mmoja tu."

"Naamini," alisema mzee, tena kwa upole, na upole ule ulimuuma Chiriku kuliko fimbo. "Lakini hata huu niliuamini."

Mpishi alibishana kidogo, kisha akaona hakuna cha kubishana. Akampa mzee mkono, akamgusa Chiriku shavuni, akaondoka. Walisikia gari likigeuza getini, kisha hawakulisikia tena.

"Nisamehe, baba."

"Nimeshakusamehe. Ungeacha nile, nisingeweza. Kalete jembe tuyafukie haya."

Alileta jembe na tenga. Mzee hakumruhusu kugusa matunda. Akayaangua mwenyewe, yote, mabichi na mabivu, na Chiriku akachimba. Udongo ulikuwa laini kwa mvua za wiki iliyopita, lakini kila jembe liliposhuka alihisi kama anachimba kaburi. Alipoinua kichwa kupumua, mzee alikuwa amehamia mti wa pili, mmojawapo wa ile aliyoifunga kwa mikono yake. Kila siku wakati kama huo hula tunda moja. Alifungua mfuko, akachuma, akalisogeza mdomoni. Akasita. Akalinusa. Akaligeuza upande wa pili, akalinusa tena.

Halafu akaja nalo taratibu, akalitia ndani ya tenga pamoja na yale mengine, akarudi kufungua mfuko wa pili.

Chiriku aliona. Akainama, akaongeza shimo.