Mtungi Usioruhusiwa Kwisha

"Daktari, leo unasoma kiganja? Niambie basi kama nitapata mzee mwingine."

Khamisa, msafishaji wa wodi ya watoto wachanga, alikuwa amenyoosha mkono huku Tabby akiupitishia kijiti chenye pamba.

"Mzee sioni, Mama Hayat. Naona bakteria tu."

"Ai! Hao nao hawalipi rent."

Tabby hakuwa daktari wa kutibu. Alikuwa mtafiti, ametumwa miezi mitatu kwenye hospitali hiyo ya binafsi mjini Thika ili ajue watoto wanaozaliwa wazima wanaambukizwa wapi. Sasa watatu walikuwa na homa ambayo antibiotiki zote zilizokuwepo zilikuwa zimeinua mikono. Mmoja alikuwa wa Idah, mama kutoka Mwiki, ambaye hakumgusa mwanawe kabla ya kunawa mpaka viwiko, kama bango la ukutani lilivyoamuru.

Kilichomchanganya Tabby ni sahani zake za maabara, alimootesha bakteria aliowatoa kwenye mikono ya watu. Kila sahani ilikuwa na vijiduara vitano vya dawa. Dawa ikifanya kazi, bakteria hukaa mbali nayo. Kwenye sahani ya Idah walikuwa wamemea mpaka wakaegemea dawa, kama watu walioegemea kaunta wakingoja chai. Manesi wanaonawa sana, hivyo hivyo. Lakini Bwana Gachau, msimamizi wa hospitali, ambaye maji na mikono yake hukutana Krismasi, hakuwa na hata mmoja wa hao. Tabby alirudia mara tatu. Akashuku lebo, akashuku friji, mwishowe akajishuku mwenyewe.

"Wanaonawa ndio wako nao," alimwambia Khamisa. "Hii ni nini sasa?"

"Usiniulize mimi, wewe ndio umesoma." Khamisa alikuwa akijaza chupa ya sabuni ya sinki kutoka kwenye mtungi wa manjano wa lita ishirini.

"Huo mtungi unauosha lini?"

Khamisa akamtazama kana kwamba ameulizwa jua huoshwa lini. "Niuoshe aje na hauishi? Jumatatu naupeleka stoo, wananiongezea nusu lita juu ya ile imebaki, najazia maji ya tangi. Ukifika mtupu, umeiba. Akoth, msafishaji mwenzangu, alifutwa hivyo. Mimi mwaka wa nne, na haujawahi kukauka."

Tabby akachota sabuni kidogo, akaenda nayo maabara bila kuaga.

Alhamisi asubuhi sahani ya sabuni ilikuwa imejaa. Bakteria wale wale, mwegemeo ule ule.

Bwana Gachau alimsikiliza mikono ikiwa imepumzika juu ya kitambi. "Kwa hivyo ni uchafu wa msafishaji. Andika hivyo kwenye ripoti, niweke sahihi. Huyo ni kibarua tu, tutapata mwingine kabla ya lunch."

"Lakini sheria ya stoo ni yako, bosi. Mtungi hauruhusiwi kwisha, kwa hivyo hauoshwi, na bakteria wanazaana humo."

"Ni ya kuzuia wizi. Sabuni ni sabuni."

Tabby akaweka chupa ya sinki mezani. "Basi nawa nayo."

"Ati?"

"Kabla ya sahihi. Nawa tu."

Gachau aliiangalia ile chupa. Kisha mikono yake ikashuka polepole, ikaingia mifukoni.

"Mkataba wako unaisha lini, Tabby?"

"Kesho."

"Na nilikuwa nataka kukuongezea."

Tabby akarudi wodini bila sahihi. Idah alikuwa kwenye sinki, amekunja mikono ya sweta, macho mekundu.

"Daktari, bado ana homa. Labda sinawi vizuri. Niwe nanawa mara ngapi?"

Tabby akampa sabuni yake ya kuogea kutoka mkobani, kisha akaushika ule mtungi kwa mikono miwili na kuumwaga wote chooni.

"Wee Tabby, umenimaliza!" Khamisa alikuja mbio na mopu yake. "Jumatatu niende stoo na nini?"

Tabby akatoa kalamu ya wino mzito aliyoandikia sahani zake. Akaandika ubavuni mwa mtungi: *Nimemwaga mimi. Sabuni ilikuwa na ugonjwa. Tabby, maabara.*

Khamisa aliyasoma maneno hayo kwa kidole, moja moja. Akacheka kidogo.

"Mwandiko ni mzuri. Na Jumatatu wakiniuliza huyu Tabby ako wapi?"

Tabby akafungua kalamu tena, akaongeza namba yake ya simu.