Jedwali Lisilo na Masikio

Kwa miaka kumi na mmoja sikutambua kwamba mke wangu hasikii kwa sikio la kushoto. Ninaiandika sentensi hii polepole, maana kutambua mambo ndiyo kazi yangu. Nimesomea historia ya mifereji ya maji katika milima ya Nepal, na nikipewa hati ya miaka mia mbili ninaweza kukuonyesha ni mkulima yupi aliyekuwa akimwibia jirani yake zamu ya maji. Menuka alikuwa kando yangu muda wote huo, wala sikuona kitu.

Nina utetezi mmoja, nao ni dhaifu. Kwetu mke hukaa kushoto kwa mumewe. Siku ya harusi kuhani alimshika Menuka bega, akamketisha hapo, na hapo akabaki. Mezani, kitandani, njiani, hata kwenye mabenchi ya hospitali alipozaliwa binti yetu Ayusha, alikuwa kushoto kwangu, sikio lake la kulia, lile zima, likinielekea. Nilidhani anaishika mila, nami nikajivuna kidogo. Gari letu dogo kule Tansen, mji wetu, lilimsaidia pia, kwa kuwa nchini kwetu dereva hukaa kulia na abiria kushoto.

Kisha chuo kimoja cha Ohio, Amerika, kikaniajiri, tukahama sote watatu, na nikanunua gari ambalo usukani wake uko kushoto. Ndani ya gari hilo mke wangu alinyamaza. Nilimwonyesha mto, akatazama dirishani. Nilimuuliza tununue mchele gani, akajibu, "Ndiyo." Nikaamua kwamba anapakumbuka nyumbani, basi nikawa naendesha polepole zaidi, kana kwamba huzuni ni kichefuchefu cha safari.

Bima ya afya iliingia nyumbani mwetu mwezi wa Septemba, ndani ya bahasha nene. Mwajiri alinipa siku thelathini nichague mpango mmoja kati ya mitatu. Siku hizo zikiisha mlango hufungwa kwa mwaka mzima, na haufunguliwi ila mtu akioa, akiacha, akizaa au akifiwa. Nilifanya kile ninachokijua. Nilichora jedwali. Safu moja ilikuwa ya makato ya kila mwezi, nyingine ya kiasi ambacho mgonjwa hujitolea mwenyewe kabla bima haijaamka, nyingine ya madaktari walio ndani ya mpango na walio nje yake. Karatasi zilikuwa na rangi, nasi nyumbani tukaiita mipango hiyo kwa rangi zake: Njano, Kijani na Buluu. Njano ulikuwa rahisi kuliko yote, na haukuamka mpaka mtu awe ameumia kweli.

Menuka alikuja na chai, akaketi kushoto kwangu, akaliinamia jedwali.

"Baba Ayusha, macho yako wapi hapa?"

"Haya hapa. Yana mpango wake wa pembeni."

"Na meno?"

"Vilevile."

"Na masikio?"

"Masikio yamo na kichwa," nilisema.

"Yamo kwenye Njano?"

"Nani aliwahi kwenda hospitali kwa ajili ya masikio, Menuka? Tazama hapa wanauliza: mwaka jana mlimwona daktari mara ngapi? Nimeandika sifuri, sifuri, sifuri. Sisi ni wazima wa afya."

Alinywa chai yake. "Haya," akasema. "Wewe ndiye msomi."

Siku mbili baadaye aliuliza tena, akiwa anakatakata vitunguu na mgongo umenielekea: Buluu unazidi Njano kwa kitu gani hasa? Nikamjibu kwa dakika kumi. Nilieleza uwezekano wa ajali, wastani wa gharama, na tabia za makampuni ya bima. Masikio sikuyataja. Yalikuwa ukurasa wa kumi na nne wa kitabu cha Buluu, na mimi nilikuwa nimesoma muhtasari.

Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Sahihi ya mwenzi nayo ilitakiwa, kwa hiyo nikampitia Menuka saa tisa, tukaenda ofisini kwa Bi Darlene Kowalczyk, anayeshughulikia maslahi ya wafanyakazi. Ni mama wa miaka sitini hivi, mwenye miwani iliyofungwa kamba, na humwita kila mwalimu Profesa kwa sauti inayomkumbusha kwamba amewaona wa aina yake wengi.

Mbele ya meza yake palikuwa na viti viwili. Juu ya kile cha kushoto palikuwa na rundo la majalada, na nilipoliondoa nikaketi mimi. Menuka alisimama kidogo, akakitazama kiti kilichobaki, akaketi kulia kwangu.

Bi Darlene aliifungua fomu yangu. "Sifuri tatu. Kila mwaka napata mgeni mmoja wa sifuri tatu."

"Tuna afya njema," nilisema.

"Hiyo siyo afya, Profesa. Hiyo ni kutokwenda hospitali. Na ukachagua Njano."

"Nilichora jedwali."

"Sina shaka." Aliinuka kwenda kwenye mashine ya kuchapa iliyokuwa ukutani, upande wa kushoto, nyuma kidogo ya viti vyetu, na kutoka huko akasema, "Na wewe, mama? Umependa Njano, au ni jedwali ndilo limependa?"

Menuka alikuwa akizitazama picha za wajukuu juu ya meza.

"Mama? Una swali lolote?"

"Ana haya kidogo," nilisema.

Bi Darlene alizunguka nyuma yetu na karatasi zake, akaja kusimama upande wa kulia wa Menuka, akasema kwa sauti ya chini kuliko ile ya kwanza, "Mkubwa kati ya hao watoto anaitwa Wesley. Ni mtundu sana."

"Anafanana na wewe," Menuka akasema papo hapo.

Bi Darlene alirudi mahali pake, akavua miwani. "Mume wangu alifanya kazi kiwanda cha chuma," aliniambia. "Nimeolewa na sikio moja miaka thelathini na minne. Mwagize mtu kama huyo nyama ukiwa upande wake mbaya, uone utaletewa nini." Akaichukua fomu yangu yenye sahihi, akairudisha mbele yangu. "Naenda kutengeneza kahawa. Kahawa yangu huchukua dakika kumi. Sitaki kuikuta hiyo imejazwa vilevile."

Mlango ulipofungwa nilimgeukia mke wangu, nikamkuta anaitazama mikono yake.

Nilichukua kiti changu, nikakipeleka upande wake wa pili. Ni hatua tatu tu, lakini nilipokuwa nikizipiga mambo mengi yalijipanga upya kichwani mwangu: lile "ndiyo" la mchele, dirisha la gari, kisogo chake jikoni, mara nyingi, akingoja nilirudie swali.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu nina miaka saba. Lilitoka usaha, bibi akatia mafuta ya moto, likaziba."

"Na kwenu walijua."

"Walipokuja watu wako kuniposa, mama alinikalisha chini. Akasema, kuhani atakuweka kushoto kwake, basi usitoke hapo. Akasema kiti changu kimepangwa na Mungu mwenyewe." Alitabasamu kidogo. "Mungu hakumwambia habari za magari ya Amerika."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuuliza masikio yako wapi. Mara mbili."

Nilikivuta kiti changu karibu naye zaidi.

"Niliogopa," akasema. "Ungefikiri kwamba kwetu walikudanganya. Kwamba ulipewa kitu chenye kasoro kikiwa kimefungwa vizuri. Nikasema moyoni, nikimkuta ameyaandika kwenye jedwali, nitamwambia. Asipoyaandika, basi."

"Menuka, mimi pia nina jambo ambalo kwetu walilificha."

"Lipi?"

"Nakoroma."

"Hilo nalijua. Kwa nini unadhani usiku nalalia sikio la kulia?"

Tulicheka kama watoto waliofungiwa darasani. Kisha akafuta macho kwa ncha ya shali, na nikaona kwamba sehemu ya machozi yale haikuwa ya kicheko. Nikamshika mkono. Nilitaka kumwambia maneno makubwa, lakini pale mezani palikuwa na fomu na saa ilikuwa tisa na nusu, kwa hiyo nikavuta kitabu cha Buluu, nikafungua ukurasa wa kumi na nne, tukausoma pamoja, yeye akifuata mistari kwa kidole kama alivyokuwa akiwafundisha watoto wa darasa la pili alipokuwa mwalimu kule Tansen. Vipimo vya masikio vimo. Daktari wa masikio yumo, na yuko mjini hapahapa. Kifaa cha kusaidia kusikia kimo, kila baada ya miaka mitatu.

"Ni ghali kila mwezi," akasema.

"Ni ghali," nilikubali.

"Jedwali lako litasemaje?"

"Jedwali halikuulizwa."

Alicheka tena, akachukua kalamu kabla yangu, akautia alama mpango wa Buluu. Kisha akarudi kwenye swali la kumwona daktari, akazikata zile sifuri tatu mstari mmoja baada ya mwingine. Bi Darlene aliporudi na vikombe vitatu alitazama fomu, akatazama mahali viti vilipo, akatikisa kichwa kama mtu aliyepata hesabu aliyoitarajia.

"Jalada la familia yenu linaanza kupendeza," akasema. "Sukari?"

Menuka alipelekwa kwa daktari mwezi wa Novemba, na kifaa chake kikafungwa Januari, kidogo kama punje ya harage. Siku ya kwanza alilalamika kwamba Ohio ina kelele na kwamba mimi hutafuna kwa sauti. Ninapochora jedwali siku hizi, humpa yeye kwanza, aandike vichwa vya safu kabla sijajaza chochote. Garini tunazungumza, na mara nyingi tunabishana kuhusu mchele. Katika ibada bado huketi kushoto kwangu. Mahali pengine pote hukaa upande wowote anaoutaka.