Chumba cha Kulala Mchana

Maulida alikuwa na miaka ishirini na mitano, cheti cha uuguzi, kazi katika wodi ya wazazi, na hakuwa na mahali pa kulala. Si kwamba alikosa nyumba. Nyumba ilikuwepo, tena ya shangazi yake, dada wa baba yake tumbo moja, Bi Kuruthumu wa Magomeni pale Bagamoyo, mwendo wa dakika kumi tu kutoka hospitali. Kula bure, kulala bure. Sasa nani mwenye akili zake anaacha cha bure akatafute cha kulipia? Ndivyo mji ulivyouliza, na mji ukishauliza swali, jamani, hautulii mpaka upate jibu. Ukilikosa, unajitungia lake.

Ngoja basi niwaeleze hiyo nyumba ilivyokuwa. Vyumba vinne, watu kumi na mmoja. Maulida alilala kitanda kimoja na mabinti wawili wa shangazi yake, Dija na mdogo wake. Alfajiri Bi Kuruthumu anawasha jiko la vitumbua uani, wateja wanaingia na mabakuli yao na habari zao. Saa mbili mumewe, Maalimu Mtoro, anafungua chuo barazani: watoto thelathini, kila mmoja na sura yake, wote kwa sauti. Na dirisha la barazani ndilo dirisha la chumba cha Maulida. Yeye akitoka zamu ya usiku, saa hiyo hiyo ya mbili ndiyo anaweka kichwa kwenye mto. Hebu niambie wewe, utafungua dirisha uwaambie watoto wapunguze Kurani? Utaanzaje?

Adhuhuri chuo kinafungwa, inafunguliwa redio. Tena jamaa wa Saadani wakija mjini na ndoo zao za samaki, wanafikia hapo hapo. Wakisikia binti yao kalala, wanamgongea mlango, maana kumpita mtu wako bila kumjulia hali ni kiburi. "Maulida! Umelala mchana wote huu? Hutuamkii?" Naye anatoka, macho mekundu, kanga imekaa upande. "Shikamooni." "Marahaba, mwanetu. Rudi ulale." Arudi alale! Usingizi ulikuwa umeshakwenda zake.

Miezi minne ilipita hivyo. Akawa mtu wa kuhangaika tu, akikaa anasinzia, akilala anashtuka. Hata kuoga alioga haraka haraka kama anayefukuzwa. Mpaka ikafika siku ya sindano.

Ilikuwa asubuhi, zamu inakaribia kwisha. Maulida alivuta dawa ya mama wa kitanda cha sita, akatembea nayo mpaka kitanda cha tisa, akamsafisha mkono mama wa watu, akainua sindano. Yule mama akasema, "Nesi, mimi nimeshachomwa. Si wewe mwenyewe uliyenichoma?" Basi. Hilo ndilo lililomwokoa, yeye na Maulida. Dawa ile kwa presha ile ya yule mama ingekuwa msiba. Maulida alirudi mezani, akaiweka sindano chini, akakaa.

Msimamizi wa wodi, Sista Adila, alikuwa ameona yote. Hakupiga kelele, na heri angepiga. "Hii nimeiona mimi," alisema. "Ya pili sitakuwa na la kukutetea. Wewe bado uko kwenye majaribio na ripoti yako naiandika mwisho wa mwezi ujao. Nyumba za watumishi zimejaa, unajua. Tafuta mahali ulale, binti."

Kupoteza kazi kulimtisha, sisemi hakukumtisha. Lakini kilichomtetemesha zaidi ni ule mkono wake mwenyewe. Aliutazama njia nzima. Mkono huu, alijiambia, utaua mtu na mimi nikiwa nimesimama macho wazi.

Siku ile ile akamwendea Shuaibu dalali, kijana mwembamba mwenye maneno mengi na viatu vilivyokwisha kisigino. Masharti ya Maulida yalikuwa matatu: kodi isizidi elfu hamsini, pawe pa kutembea kwa miguu, na mchana pawe kimya. Shuaibu alicheka. "Hayo mawili nayajua, dada. Hilo la tatu ndiyo kwanza nalisikia."

Wakaanzia kwa Bi Sabiha. Chumba kizuri, sakafu safi, mwembe wa jirani unakitia kivuli. Maulida akaamkia, akaitikiwa vizuri, na alipokuwa anafungua mkoba mama wa watu akamkazia macho.

"Wewe si mtoto wa kaka yake Kuruthumu?"

"Ndiye mimi, Bi Sabiha."

"Amekufukuza?"

"Hata!"

"Mmegombana?"

"Hatujagombana. Nataka mahali pa kulala tu."

"Kwa Kuruthumu hakuna pa kulala?" Bi Sabiha alirudisha ufunguo kwenye pindo la kanga, akafunga fundo. "Mwanangu, mimi na shangazi yako tulichezwa unyago na kutolewa mwali mwaka mmoja. Leo nikupe chumba, kesho nimtazame na macho gani? Mji utasema Kuruthumu ameshindwa kumweka mtoto wa kaka yake. Rudi nyumbani."

Mzee Mwinyijuma, mwenye vyumba viwili nyuma ya msikiti, hakukataa. Alisema ni jambo jema, ila atamuuliza kwanza Maalimu Mtoro wakitoka kuswali. Ikabidi Maulida ambembeleze kwa viapo asimuulize kitu. Wa tatu akauliza yale yale, na wa nne. Waliobaki walikuwa wenye nyumba za kulala watalii, na bei zao mtu wa mshahara wa majaribio anazisikia tu. Zinga vyumba vilikuwa rahisi, lakini Zinga mpaka upande gari, na Maulida wa siku zile angekaa kitini akalala akaamkia Dar es Salaam.

"Tatizo lako wewe si mgeni," Shuaibu alimwambia, kachoka naye. "Ungekuwa umetoka Mbeya, ungekuwa umeshalala tangu juzi."

Siku kumi wakazunguka. Mwishowe Shuaibu akakumbuka mama mmoja wa Ubena, Bi Ashatu, aliyejenga vyumba sita upande wa Ukuni na hata mwaka alikuwa hajamaliza mjini. Mama huyo hakuuliza habari za ukoo. Aliuliza kama Maulida anapika kwa kuni, maana hataki moshi kwenye rangi mpya. Wapangaji wake walikuwa walimu na mafundi, wanatoka asubuhi, wanarudi jioni. Mchana, alisema, hapa hata kuku hana wa kuongea naye. Maulida alitaka kumkumbatia. Akalipa miezi mitatu, Shuaibu akachukua wa kwake mmoja, na akiba yote ya miezi minne ikaishia hapo.

Sasa hapa ndipo Maulida alipokosea, nami sitamtetea. Hakumwambia shangazi yake. Aliogopa. Angesemaje? Kwamba nyumba iliyomlea tangu sekondari haimfai? Alisema wameongezewa saa kazini. Akahamisha nguo mbili mbili kwenye mkoba, kama mwizi wa nguo zake mwenyewe. Asubuhi akitoka zamu anakata kona ya Ukuni, anafunga mlango, analala mpaka alasiri. Halafu ndiyo anatokea Magomeni, uso umemng'aa, na shangazi anamfunulia chakula alichomfunikia.

"Pole na kazi, mwanangu. Hao wakubwa wako hawana huruma, saa zote hizo! Kula."

Na Maulida anakula, kila tonge linapita kwa shida. Alilala usingizi alioutamani, ila akiamka jambo la kwanza kumjia ni lile bakuli lililofunikwa. Kila siku alijiambia leo nitasema. Kila siku hakusema.

Wiki ya tatu mtu mmoja, simtaji, alimwona akifungua mlango kwa ufunguo saa mbili asubuhi. Binti ambaye hajaolewa, ana kwao, ana chumba cha siri, anaingia asubuhi na kufunga pazia. Haya, mwenzangu, jumlisha mwenyewe. Kufika Alhamisi chumba kilikuwa kimepangwa na mume wa mtu. Kufika Ijumaa mume wa mtu alikuwa na gari. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Jumamosi likamfikia Bi Kuruthumu, kwenye jiko la vitumbua, mbele ya wateja.

"Nakwenda kwa Maulida," alimwambia Dija. Alizima jiko, akajitanda, akatoka. Saa nne asubuhi mlango wa Maulida ukapigwa kwa kiganja.

"Fungua! Fungua nimwone!"

Maulida alifungua. Bi Kuruthumu alimpita bila salamu, akavuta pazia, akatazama nyuma ya mlango, akainua pembe ya godoro lililolazwa sakafuni, kama vile mtu mzima anaweza kujikunja hapo chini.

"Yuko wapi?"

"Nani, Shangazi?"

"Usinifanye mtoto! Huyo mwanamume. Ametokea wapi? Dirishani?"

"Hakuna mwanamume."

"Sasa unafanya nini humu?"

"Nalala," alisema Maulida.

"Unalala!" Bi Kuruthumu alipiga makofi. "Enhe! Kwangu kuna miiba? Kwangu ulilala juu ya mawe? Nimekukosea nini, we mtoto, hata unitie aibu hii? Watu wananunua vitumbua vyangu huku wananicheka. Baba yako nimwambie nini? Kwamba mwanawe nimemtesa mpaka akakimbia?"

Maulida alianza kulia. Alikuwa amejitayarishia maneno mazuri, ya adabu, na hata moja hakuliona. Likatoka lile la sindano. Akaeleza kitanda cha sita na kitanda cha tisa, na yule mama alivyosema, na mkono wake alivyoutazama njia nzima. "Ningeua mtu, Shangazi. Kwa usingizi tu. Kwako kuna mapenzi, kuna chakula, kuna watu, lakini usingizi hakuna. Mimi kwako silali. Miezi minne sijalala. Nilishindwa kukwambia, nikadanganya. Nisamehe."

Bi Kuruthumu alitafuta kiti, kiti hakikuwepo. Akakaa kwenye godoro, miguu ameinyoosha, mkoba kifuani.

"Ulikuwa useme," alisema kwa sauti ya chini.

"Nilikuwa niseme."

"Wallahi ningekihamisha chuo hata uani." Akafikiri. "Uani kuna jiko." Akafikiri tena, naona alikuwa anaizunguka nyumba yake chumba kwa chumba, na kila alipofika palikuwa na mtu. Mwisho akaacha. Akainua kichwa kama aliyesikia kitu.

"Mbona kimya hivi?"

"Watu wameenda kazini."

"Wote?"

"Wote, mpaka jioni."

Shangazi mtu alisikiliza. "Mimi nimeolewa nina miaka kumi na saba," alisema. "Nikatoka kwa mama nikaingia kwa mama mkwe. Mama mkwe akafa, wakaja watoto. Watoto hawajakua, wakaja wageni. Mchana, mlango ukafungwa nikalala? Sijui linakuwaje jambo hilo." Akajishika kiuno. "Hebu nijinyooshe kidogo, mgongo huu. Kidogo tu, halafu tuondoke wote, nikusindikize nyumbani, watu waone hatuna ugomvi."

Akajinyoosha. Maulida alikuwa bado anatafuta la kusema kuhusu hiyo safari ya nyumbani aliposikia pumzi zimebadilika. Bi Kuruthumu alikuwa amelala, kinywa wazi, unga wa mchele bado kwenye kucha.

Maulida alisimama hajui afanye nini. Mwenyewe alikuwa ametoka zamu, na jioni ana nyingine. Mara simu ya shangazi ikaanza kuita mkobani. Akaitoa haraka. Alikuwa Dija.

"Mama yuko wapi? Baba anauliza funguo za stoo, na wageni wa Saadani wamefika, na wateja wanadai vitumbua vyao!"

"Hayupo," alisema Maulida.

"Si kasema anakuja huko kwako?"

"Hayupo, Dija." Akaizima simu. Kati ya uongo wote wa wiki tatu, huo ndio wa kwanza aliousema bila moyo kumwenda mbio. Akabana mlango, akajilaza ukingoni, mgongo kwa mgongo na shangazi yake.

Aliamshwa na adhana ya alasiri. Bi Kuruthumu alikuwa ameketi, anajifunga kanga upya. Uso wake ulikuwa mwingine kabisa, laini, kama wa dada yake Dija, si mama yake. Maulida akajikaza, akingojea kuambiwa akusanye vitu vyake.

"Kodi ya hapa ni kiasi gani?"

"Elfu hamsini, Shangazi."

"Mm." Akafunga fundo la kanga, akalikaza. "Watu wakiuliza, chumba nimekupangia mimi, kwa ajili ya kazi yako. Na atakayeongeza neno aje aniulize mimi jikoni kwangu."

"Ahsante, Shangazi."

"Usinishukuru, sijamaliza. Elfu ishirini kila mwezi nitatoa mimi. Jumanne na Alhamisi sipiki vitumbua." Alisimama, akavaa ndala, akafika mlangoni akarudi nyuma hatua moja, akalitazama godoro. "Ukienda kazini pita kwa fundi, unichongee ufunguo. Na Dija asijue. Dija akijua, wote watajua, na tukihamia wote humu mimi na wewe tutalala wapi?"