Majibu Mawili ya Uboho

Hafswa na Kadii walitobolewa nyonga kutolewa uboho wa mifupa siku moja, wakalazwa vitanda vya kupakana katika hospitali moja ya binafsi nje kidogo ya mji wa Kilifi. Ugonjwa wao ulikuwa mmoja: saratani ya damu, ile inayokuja kwa kishindo. Hafswa alikuwa mshonaji wa mabuibui Malindi. Kadii alikuwa Mgiriama wa Gongoni, miaka tisa akikwangua chumvi mabwawani kwa koleo. Dawa ilipowanyonyoa nywele walinyonyoka pamoja. Mmoja akitapika, mwenzake alishika beseni.

Uboho wao ulipelekwa Nairobi kupimwa jeni. Baada ya wiki tatu Daktari Zipporah akawaita mmoja mmoja. Alimwambia Hafswa kwamba jeni iliyoharibika katika damu yake ni ya aina inayosikia dawa.

"Sikupi ahadi, mama, lakini wengi wenye majibu haya hupona. Tutaendelea na dawa mizunguko mitatu."

Hafswa alirudi wadini moyo ukimdunda kwa furaha. Akamkuta Kadii ameketi kitandani, miguu yaning'inia, macho makavu.

"Yangu ni mabaya," Kadii akasema. "Jeni iliyoharibika kwangu ni ile inayoulinda mwili na saratani. Dawa itaupunguza ugonjwa, kisha utarudi. Labda mwaka, labda haufiki. Na yako?"

Hafswa akaketi kando yake.

"Kama yako," akasema.

Kadii akamshika mkono, akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Siku nne zilizofuata alikuwa mwepesi ajabu. Alikunywa uji akamaliza. Akamweleza Hafswa asiyowahi kumweleza mtu: kwamba aogopa wanawe watasahau sauti yake, kwamba hataki kabisa mume aliyemtoroka aje kulia kaburini pake. Hafswa aliitikia kila neno, na kila alipoitikia alijiona mwizi.

Siku ya tano Haroun, mumewe Hafswa, akaja na kasha la halwa. Mkewe alikuwa amempa habari njema kwa simu, asimwambie la zaidi. Akagawa halwa kitanda hadi kitanda.

"Alhamdulillahi," akamwambia Kadii, "daktari asema mwenzio jeni yake ni njema, atapona. Nawe pia inshallah, dadangu."

Kadii akapokea kipande, akakiweka juu ya kabati, asikionje. Haroun alipokwenda zake, Hafswa akaanza, "Kadii, nisamehe. Nilikuonea huruma."

"Huruma sikukuomba. Ungenambia utapona ningefurahi, Mungu shahidi. Lakini siku nne nimezungumza nikidhani tunakwenda sote, kumbe nakwenda peke yangu nawe wanisindikiza."

Akageukia ukutani.

Alhamisi kakake, Randu, akaja kumchukua. Kadii alikuwa ameikataa dawa. Daktari Zipporah alimsihi hadi akachoka. Hafswa akajikokota mpaka mlangoni na dripu yake. Kadii akampa mkono wa adabu tu, ule apewao mgeni.

Hafswa alipiga simu Gongoni mara nyingi. Kila mara alipokea Randu, na kila mara dadake alikuwa amelala. Mwezi wa tatu tangu waondoke, Randu akapiga mwenyewe. Kadii alikuwa amezikwa jana.

Hata matangani Hafswa hangeweza kwenda. Dawa ilikuwa imemshushia kinga ya mwili, amekatazwa kuingia penye watu wengi.

"Alinitaja?" akauliza.

Randu akajibu, "La, dada. Siku za mwisho hakumtaja mtu. Aliomba maji tu."

Hafswa akampa pole, simu ikakatika, akabaki ameketi. Muuguzi alipokuja anacheka kumwambia kwamba vipimo vya leo havikuona hata chembe moja mbaya, Hafswa alimwomba arudi baadaye.