Kofia ya Likwata

Damu haimtishi Likwata. Hayo aliyasema mwenyewe pale Somanga, mbele ya meza ya samaki wa kukaanga, siku aliposikia kwamba vijana wa kujitolea wanatafutwa kwenye hema la matibabu nje ya mji wa Lindi.

"Mimi," alisema akijipiga kifua, "nimechinja mbuzi saba Idi moja, na wa nane akaniomba radhi."

"Radhi ya nini?" akauliza rafiki yake Hussen.

"Ya kuchelewa."

Hema lenyewe lilikuwa la watu waliokimbia vita ng'ambo ya Ruvuma. Walifika na watoto mgongoni, na homa, na vidonda, wengine hata kandambili hawana. Tusimnyime Likwata haki yake: alifanya kazi. Alibeba maji, akapanga foleni, akatafsiri kwa Kimakonde alichookota kwa majirani. Ila kila bandeji ilipofunguliwa, alikumbuka ghafla kwamba maji yamekwisha. Nesi Martina hakuwahi kuona maji yanayokwisha haraka namna ile.

Jumatano akaletwa Bibi Apolonia, Mmakonde mwembamba kama fito, mdomo wake ukimzidi mwili. Kipande cha bomu kilikuwa kimezama kwenye shavu la mguu, na alikuwa ametembea nacho siku sita. Mguu umevimba, umeanza kunuka.

Daktari Haruna akaukagua, kisha akasema polepole, "Bibi, tukikitoa chuma leo, mguu utapona. Tukingoja, huenda tukalazimika kuukata."

"Hakuna wa kunigusa na kisu," akasema bibi. "Visu nimeviona vya kutosha huko nilikotoka."

Martina akabembeleza, wapi. Jenipher, binti wa bibi, akalia mpaka kanga ikalowa, wapi. Ndipo Likwata akapita na ndoo yake.

"Wewe mwenye kofia!" bibi akamwita. "Kabila gani?"

"Shikamoo, bibi. Mmwera wa Rondo."

"Marahaba. Ahaa, ndiyo maana ndoo imekupinda! Wamwera hamjazoea kubeba kitu kizito kuliko sahani ya ugali."

Likwata akaitua ndoo. Utani wa Wamwera na Wamakonde hauna likizo, hata penye vita.

"Na ninyi Wamakonde mnajifanya mashujaa," akajibu, "kumbe kwa kisu cha kumenyea muhogo tu, bibi mzima anataka kupanda mnazi!"

Martina akajiziba mdomo. Bibi akacheka, mara ya kwanza tangu afike.

"Haya, mtani. Nakubali kisu. Lakini wewe utashika bakuli hapa mguuni, utazame mwanzo mpaka mwisho. Ukishindwa, kofia hiyo ni yangu."

Kofia hiyo mama yake Likwata aliishona miezi minne, maua matupu ya uzi wa hariri. Lakini mtani akikuwekea sharti mbele za watu hukatai. Ukikataa, watachekwa mpaka wajukuu zako. Tena Jenipher alikuwa anamtazama kama mtu aliyeshika ufunguo wa nyumba inayoungua.

"Andaa mguu, bibi," akasema. "Mimi damu nacheza nayo."

Sindano ya ganzi ikaingia, salama. Kisu kikagusa, salama. Likwata alikuwa akitazama kwa makini sana, ila nguzo ya hema.

"Mtani! Mguu uko huku!"

Akageuza macho. Akaona. Chuma kikatoka, kidogo kama ukucha wa kidole gumba, kikalia ndani ya bakuli: kling! Bakuli likaanguka, na Likwata akalifuata.

Alipozinduka alikuwa kitanda cha pili. Aliyempepea, kwa kofia ileile, ni Bibi Apolonia, mguu umefungwa bandeji nyeupe. Alikuwa amecheka mno hata Daktari Haruna akamaliza kushona bila mwenyewe kujua.

"Pole, mume wangu," akasema. "Mgonjwa mimi, kulazwa wewe."

Mwezi ukapita. Likwata yuko Somanga, meza ileile, kichwa wazi.

"Kofia iko wapi?" akauliza Hussen.

"Ile? Nilimfungia majeruhi, kaka. Jamaa mmoja, pande la mtu, kaja kusaidia, kaona damu, puu! Mkono mmoja nina bakuli, mwingine namdaka. Kapasuka kichwa, nikamfunga na kofia."

"Umemdaka, halafu kapasuka kichwa?"

"Hussen, ulikuwepo?"

Watu wakacheka, wakataka aanze upya, naye akaanza. Basi la kutoka Lindi likasimama, abiria wakashuka kununua samaki. Miongoni mwao alikuwamo bibi mwembamba aliyekuwa akienda kwa dada yake, akitembea kwa miguu yake miwili, akichechemea kidogo tu, tena kwa madaha. Kichwani, juu ya kilemba cha kitenge, yalikaa maua ya hariri ya mama yake Likwata.

Akasimama nyuma ya msimuliaji, akangoja mpaka lile pande la mtu lilipokaribia kuanguka mara ya pili.

"Shikamoo yangu iko wapi, mume wangu?"

Likwata akageuka. Hussen akaitazama kofia, akamtazama Likwata, akavuta kigoda, akampa bibi.

"Endelea tu, mtani," bibi akasema akikaa na kuunyoosha mguu wake vizuri, kila mtu auone. "Ulifika pale bakuli lilipotangulia."