Kula kwa Kusimama

Kuhama? Angehama vipi, mjukuu wangu, na karakana ya makochi iko ubavuni mwa nyumba? Mama Pacha angetoa mguu tu, mumewe angebadilisha kufuli na kuapa mahakamani kwamba mke kaitupa kazi mwenyewe. Karakana ile waliijenga wote: Fundi akipiga mbao, yeye akikata na kushona vitambaa mpaka vidole vikaota sugu. Lakini mdomo wa Fundi! Mbele ya wateja alimwita mkewe mzigo, mbele ya mabinti zao pacha akamwita nyani.

Wakili wa Mama Pacha alimwambia, "Matusi hayo ni sababu ya talaka, na kutengana ni sababu. Ila kwa kuwa mnaishi nyumba moja, tenganisheni kitanda, chungu na meza. Akipata shahidi kwamba mnakula pamoja, atasema mmepatana, na bila talaka hamgawani karakana."

Basi Mama Pacha akawa anakula kwa kusimama, jikoni, kama mtu anayengoja basi. Fundi akainusa habari. Akawa anamfuata na kigoda chake. "Tule, mke wangu," anasema, na lile tabasamu la kuuzia kochi bovu. Mke akitoka uani, naye uani. Mwanzoni pacha walicheka. Baadaye wakaacha.

Mama Pacha akachoka, usione hivi. Alishaanza kujiambia, achukue vyote, mbao na mashine, mradi nipumue.

Jumapili moja Fundi akamleta mama yake mzazi, bibi wa pacha, akaandaa nyama mezani.

"Nimemwita mama aone tunavyoishi vizuri."

"Kaa, mwanangu," bibi akasema.

"Mama, nikikaa, nimekula jasho langu lote. Anataka ukaseme mahakamani tumerudiana, aninyime karakana."

"Jasho gani?" Fundi akafoka. "Ana sindano tu huyu! Achukue sindano yake aende!"

Mama Pacha akakitazama kiti alichovutiwa. Kitambaa chake alikishona mimba ya pacha ikimgonga kwenye mashine. Hapo uchovu ukamtoka, kikaingia kitu kigumu.

"Sikai. Na siendi na sindano. Nataka nusu ya karakana."

Bibi akamgeukia mwanawe. Huyo bibi, nikwambie, hakumpenda mkwewe hata siku moja.

"Huyu simpendi, na unajua. Ila macho yangu hayajaona mtu aliyekaa. Yameona aliyesimama. Nikiitwa, nitasema hivyo."

Akainuka. Pacha wakainuka. Fundi akabaki peke yake na viti vitupu, mafuta ya nyama yakiganda.

"Mama, utaniaibisha mbele ya watu?"

"Umeanza mwenyewe."

Fundi akaisukuma sahani yake. Kisha akatema neno, kama mtu anayetoa mfupa kooni: "Nusu."

"Mwambie wakili," Mama Pacha akasema, simu tayari iko mkononi, spika imewashwa wote wasikie. Fundi akarudia: wametengana, hatapinga talaka, nusu ya karakana ni ya mke. Wakili akamwambia aje kesho atie sahihi.

Bibi akabeba sufuria, akatandika mkeka chumba cha pili, mlango wazi. Mama Pacha akakaa, magoti yakilia. Pacha wakambana huku na huku. Fundi akavuta sahani yake kule mezani.

"Nipeni chumvi," akasema.

Hakuna aliyegeuka. Kisha pacha mmoja akainuka, akaiweka chumvi kwenye ukingo wa meza, akarudi mkekani. Wakala.